Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Kilimanjaro: ngoma itoke kwenye mapokezi, iingie darasani

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Ndugu Wakurugenzi wa Manispaa ya Moshi na wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Na viongozi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Ofisi ya Rais-TAMISEMI na Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: KUTUMIA NGOMA KUFUNDISHIA WATOTO WA AWALI NA WA MADARASA YA CHINI

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Moshi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia katika madarasa ya chini, na mpaka sasa walimu wenzangu huniita pale watoto wanapofundishwa ngoma. Ninachokiomba kwenu ni kwamba ngoma, ambayo shule zetu tayari zinayo, iondolewe mahali ilipokwama, yaani kwenye mapokezi ya wageni na kwenye mashindano, na iwekwe mikononi mwa mwalimu anayefundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, ili imfikie kila mtoto badala ya wachache waliochaguliwa.

Kila anayeifahamu shule ya msingi ya Tanzania anajua ngoma huonekana lini. Huonekana mgeni rasmi anapokuja kuzindua madarasa, Mwenge wa Uhuru unapopita, siku ya mahafali ya darasa la saba, na wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi. Sisi wa Moshi na Arusha tuna tukio jingine la ziada, nalo ni ujio wa mtalii aliyeshuka mlimani, au anayesubiri kwenda mbugani, aliyepangiwa saa moja ya kutembelea shule. Watoto wachache wenye sauti nzuri na viungo vyepesi hutolewa darasani katikati ya kipindi, huvishwa njuga na vitambaa, hucheza langoni, hupigwa picha, kisha hurudi ndani na kukuta somo limekwishafutwa ubaoni.

Niliwahi kusimama karibu na watoto wa shule moja waliokuwa wakimngoja mgeni rasmi tangu saa tatu asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Februari, na anayelijua jua la Moshi la mwezi huo anaelewa ninachosema. Walikuwa wamevaa sketi za majani makavu ya mgomba juu ya sare, na mdogo kuliko wote, aliyepangwa mstari wa nyuma, alikuwa akijikuna mapaja pale majani yalipomchoma, huku mguu wake wa kulia ukiendelea kupiga mdundo polepole bila ngoma yoyote kulia. Mgeni alifika ikikaribia saa saba. Ngoma ilichezwa kwa muda wa wimbo mmoja tu, ikakatizwa kwa sababu ratiba ilikuwa imebana. Wenzao waliokuwa darasani walikuwa wamesoma vipindi vyote vya asubuhi. Wao walikuwa wamesimama.

Siombi ngoma ya mapokezi ifutwe. Kumpokea mgeni kwa ngoma ni heshima ya kwetu, na mtoto kujua kwamba naye anaweza kumheshimu mgeni kwa kipaji chake ni jambo jema. Ninalolalamikia ni kwamba tumeifanya hiyo kuwa kazi pekee ya ngoma shuleni. Katika ngoma ya namna hiyo kila hatua imeamuliwa na mwalimu, mtoto anairudia mpaka inanyooka, na anayeangaliwa si mtoto bali ni mstari. Mtoto asiyechaguliwa, ambaye mara nyingi ndiye anayehitaji zaidi kuuzoeza mwili wake, anajifunza akiwa na miaka sita kwamba yeye hajui kucheza, na hukumu hiyo anakua nayo.

Mlango wa kubadili hali hii mmeshaufungua ninyi wenyewe. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, vinasisitiza umahiri, yaani kile mtoto anachoweza kukitenda, na vimeipa sanaa na michezo nafasi ya somo katika shule ya msingi. Kabla ya hapo, Desemba 2021, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na kuuhesabu ujifunzaji wa awali kuwa sawa na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na kati ya hizo angalau dakika 60 ziwe za nguvu ya wastani hadi kubwa. Na kwa mtoto wa miaka mitano hadi kumi na saba, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wastani wa dakika 60 kila siku. Mkipita katika madarasa yetu ya awali saa nne asubuhi mtakuta watoto wa miaka mitano wamebanana kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya darasa la tano, mikono imekunjwa, wameambiwa waweke kidole mdomoni.

Niruhusuni nieleze kwa kirefu kazi ya ngoma ndani ya somo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona wengi wakidhani tunaomba watoto wapewe muda wa kuburudika.

Chukueni kipindi cha kusoma cha darasa la kwanza. Mwalimu ameandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima linaitikia. Kuitikia huko kuna kasoro ambayo kila mwalimu wa darasa la kwanza anaijua: mtoto aliyeushika wimbo anaweza kuitikia mwezi mzima bila kujua sauti ipi imeishia wapi na ipi imeanzia wapi. Sasa watoeni watoto nje chini ya mjakaranda, wapangeni kwenye mduara, mpeni mmoja debe tupu alipige taratibu, kisha waambieni wapige hatua moja kwa kila silabi ya neno litakalotajwa. "Baba" ni hatua mbili. "Kalamu" ni hatua tatu. Mkitaja "mtoto", mduara unavurugika papo hapo, kwa kuwa wengine wamepiga hatua mbili na wengine tatu, na wanaanza kutazamana na kubishana. Mwalimu hahitaji kusahihisha rundo la madaftari ili ajue nani hajaisikia ile m inayosimama peke yake. Anaiona miguuni, na mtoto mwenyewe ameiona kabla ya kuambiwa. Neno likirudiwa mara ya tatu, mduara unasogea kwa pamoja.

Jambo hili halitokani na hisia zangu peke yangu. Utafiti wa Usha Goswami na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge kuhusu watoto wanaopata shida ya kujifunza kusoma umeonyesha jinsi uwezo wa kusikia mapigo ya mdundo unavyohusiana na uwezo wa kutambua silabi na sauti ndani ya maneno. Kiswahili ni lugha iliyojengwa kwa silabi zilizo wazi kiasi kwamba tunazifundisha kabla ya kitu kingine chochote. Ni ajabu kwamba tunazifundisha tukiwa tumemkalisha mtoto kimya.

Katika hesabu, ngoma inaingia kwa urahisi zaidi, kwa sababu ngoma nyingi za Afrika zimepangwa katika mizunguko ya mapigo 12, na namba 12 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Ligawe darasa mafungu mawili. Fungu la kwanza lipige makofi kila pigo la tatu, la pili likanyage chini kila pigo la nne, na wote wahesabu kwa sauti kuanzia moja. Makofi yatasikika kwenye 3, 6 na 9, miguu kwenye 4 na 8, na watakapofika 12 makofi na miguu vitalia kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Watoto hucheka hapo, kila mara. Huko ndiko kukutana kwa 3 na 4 ambako baadaye, katika madarasa ya juu, tunawaandikia ubaoni kwa jina la Kigawe Kidogo cha Shirika, na wengi wanakikariri bila kujua kinatoka wapi. Mtoto aliyekisikia kwa mwili wake akiwa darasa la pili hatatishika na jina hilo akifika darasa la tano.

Sayansi vilevile. Mtoto mmoja anasimama katikati akiwa jua, mwingine anajizungusha huku akimzunguka, na darasa linamwangalia: uso wake ukielekea katikati ni mchana, mgongo ukielekea katikati ni usiku. Dakika tano za zoezi hilo zinatenganisha mizunguko miwili ambayo kitabu huichora kwa mishale na watoto huichanganya hadi darasa la saba.

Ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote hayo halimo katika somo lolote. Ni uwezo wa mtoto kujizuia, kukumbuka agizo akiwa katikati ya kitendo, na kubadili mwelekeo agizo linapobadilika. Bila uwezo huo hakuna kipindi kinachofundishika. Mwalimu wa awali huutafuta kwa kugombeza, wakati ngoma inaujenga kwa namna ambayo mtoto anaipenda. Ngoma inalia, wote wanatembea. Inanyamaza, kila mmoja anaganda kama alivyo. Siku ya kwanza nusu yao wanaendelea kutembea. Baada ya wiki chache mwalimu anageuza kanuni: ngoma ikienda mbio waende polepole, ikienda polepole waende mbio. Angalieni nyuso za watoto wanapojaribu hilo. Hakuna zoezi la kuandika linalowafanya wafikiri kwa bidii ya namna ile, na hakuna hata mmoja anayeadhibiwa.

Kuna mtoto mmoja ninayemkumbuka katika darasa la awali, aliyeletwa mjini kwa mjomba wake kutoka tambarare za kusini mwa Moshi, akijua Kimaasai na maneno machache tu ya Kiswahili. Alikaa kwenye kona ya dawati akiangalia dirisha, na mwalimu wake, aliyekuwa na watoto wengi kupita kiasi, alikuwa amekwishaandika kwamba mtoto huyu hashiriki. Tulipoanza mchezo wa kuongozana, ambapo mmoja anatoa mwendo na wengine wanaufuata, ilipofika zamu yake aliruka. Aliruka moja kwa moja kwenda juu, mwili umenyooka, visigino havigusi ardhi, kama alivyowaona vijana wa kwao wakiruka katika adumu, ngoma ya kuruka ya Wamaasai. Darasa zima lilijaribu kumfuata likashindwa, wakamwomba arudie. Kuanzia hapo maneno juu, chini, mbele, nyuma, kulia na kushoto aliyashika kwa kuyatenda, huku wenzake wakimrekebisha naye akiwarekebisha kuruka kwao. Sitasema kwamba ngoma ndiyo iliyomfundisha Kiswahili. Kilichomfundisha ni kuishi na wenzake. Lakini ngoma ndiyo iliyompa sababu ya kutoka kwenye ile kona, na darasa likamjua kwa jambo analoliweza kabla ya kumjua kwa asiloliweza.

Vivyo hivyo kwa watoto wenye ulemavu, ambao sera yetu inataka wasome pamoja na wenzao. Mtoto kiziwi hupata mdundo kwa mtetemo akiweka viganja juu ya ngoma au nyayo juu ya sakafu ya mbao. Mtoto asiyeona anajifunza ukubwa wa nafasi kwa kuhesabu hatua huku ameshikana mkono na mwenzake. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu ana mikono, shingo, macho na sauti, na mduara hauanzi mpaka naye awe ndani yake. Tuna bahati kwamba Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kipo jirani zetu Arusha. Ujuzi huo hauhitaji kufuatwa mbali.

Nataka pia niseme wazi nisilolidai. Wapo wanaouza mafunzo ya mazoezi ya mwili kwa kudai kwamba kuvusha mkono wa kulia kwenda kushoto kunaunganisha pande mbili za ubongo na kumfanya mtoto awe na akili zaidi. Madai ya namna hiyo yamezidi ushahidi uliopo, na ningesikitika kuona shule ikiyanunua kwa fedha za wazazi. Ngoma haimpi mtoto akili mpya. Inampa mwili unaomtii, sikio linalotofautisha, subira ya kungoja zamu, na njia ya ziada ya kulishika somo. Hayo yanatosha kuomba nafasi, na hayahitaji kutiwa chumvi.

Wala njia ya kufundisha kwa ngoma si jambo la kubahatisha. Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 katika dola ya Austria-Hungary, akafanya kazi Ujerumani na baadaye Uingereza, aliwaachia walimu utaratibu wa kuutazama mwendo ambao ulienea katika shule za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa lugha ya mwalimu wa darasa la kwanza, utaratibu huo unageuka kuwa maswali manne: mwili unafanya nini, unakwenda wapi, unakwenda kwa namna gani, na unakwenda pamoja na nani au nini. Maswali hayo manne yanaingia kwenye andalio la somo bila kuongeza ukurasa. Kwetu sisi yanapata utajiri ambao Laban hakuwa nao, kwa kuwa mtoto wa Moshi anakaa darasa moja na wajukuu wa Wachaga wanaocheza iringi, wajukuu wa Wasukuma wanaocheza bugobogobo wakiwa na majembe mikononi, na wajukuu wa Wamakonde wa sindimba.

Jambo hili lilisemwa mapema katika nchi yetu. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba waliosoma wengi waliweza kucheza rumba, chachacha na twist, lakini hawakujua, au hata hawakuwa wamezisikia, ngoma za kwetu kama gombe sugu, kiduo na lele mama. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho mwaka 2007 kilifanywa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tumejenga chuo cha kuwaandaa wachezaji na walimu wa ngoma, tukasahau kujenga daraja kati ya chuo hicho na darasa la awali.

Nayajua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeyasikia kwa wakuu wa shule ninaowaheshimu.

La kwanza ni wingi wa watoto. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali na watoto 45 wa shule ya msingi, na sote tunajua kwamba shule nyingi za mjini, za Pasua na Majengo na kwingineko, haziko karibu na namba hizo. Lakini darasa lililojaa ndilo linaloumia zaidi kwa kukalishwa. Mtoto wa themanini katika chumba kimoja haoni ubao, hasikii mwalimu, na daftari lake halifikiwi. Akiwa uwanjani ndani ya mduara mmoja kati ya mitatu, kila mduara ukiwa na kiongozi wake, anaonekana. Kinachohitajika ni mwalimu kufundishwa namna ya kuligawa darasa na kulikusanya tena kwa mdundo mmoja wa ngoma, ujuzi ambao unajifunzika kwa wiki moja ya mazoezi mazuri.

La pili ni fedha. Shule hupokea fedha za uendeshaji kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu, kwa hiyo siombi bajeti ya ngoma za kununua wala sare za kuchezea. Debe, ndoo iliyopasuka, kokoto ndani ya chupa, na viganja viwili vinatosha kuanzia. Kelele kwa darasa la jirani ni tatizo la ratiba, na mwalimu wa taaluma anaweza kulimaliza kwa penseli.

La tatu ndilo zito, na sitalipita haraka. Wapo wazazi, Waislamu na Wakristo, ambao wakisikia neno ngoma wanafikiria kukata viuno kwenye mahafali huku spika zikipiga nyimbo za watu wazima, na wamechukizwa. Mimi niko upande wao. Nimeona watoto wa darasa la pili wakishangiliwa kwa minenguo ambayo hawaielewi, na waliokuwa wakishangilia ni watu wazima wenye akili zao. Kuna pia ngoma zetu za asili, za jando na unyago, ambazo wenyewe walizitenga kwa rika lake na mahali pake, na shule haina ruhusa ya kuzichukua. Kwa hiyo uchaguzi wa ngoma za watoto ufanyike mbele ya kamati ya shule, wazazi waalikwe kuona kipindi kikiendelea, na mzazi mwenye swali la imani asikilizwe kwa adabu. Mzazi aliyeona mtoto wake akipiga hatua kwa silabi hatasema tena kwamba shule inafundisha uhuni.

Sasa nieleze ninachokiomba kwa kila mmoja wenu.

Ndugu Wakurugenzi wa Manispaa na wa Halmashauri ya Wilaya, ninaomba mtoe waraka mmoja mfupi unaozuia mtoto kutolewa kwenye kipindi ili kumchezea mgeni, awe mtalii au kiongozi, na unaotaka mapokezi yote yafanyike nje ya saa za masomo, kivulini, kwa muda usiozidi ule ambao mtoto wa umri huo anaweza kusimama. Najua wageni huacha madawati na matundu ya vyoo, na shule zinavihitaji. Mgeni mwenye nia njema atakubali kuja saa nane mchana, au kuingia darasani akae nyuma aone watoto wakisoma.

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa, utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, tayari unawakutanisha walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika vituo vya walimu. Ninaomba sehemu ya muhula ujao itengwe kwa ajili ya walimu wa awali na wa darasa la kwanza na la pili, wajifunze kwa kutenda: wasimame, wavue viatu, wapige hatua za silabi wao wenyewe, kwa kuwa mwalimu aliyesomewa jambo hili kwenye karatasi hatathubutu kulijaribu mbele ya watoto. Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Marangu wako hapa hapa mkoani, na wahitimu wa TaSUBa wapo, wengine wakiishi kwa kucheza hotelini usiku. Wazee wanaojua ngoma za asili nao waalikwe na walipwe posho ya heshima badala ya soda. Kwa usalama wa watoto, kila mgeni wa namna hiyo atambulishwe na serikali ya mtaa wake na asiachwe peke yake na watoto hata kwa dakika moja.

Wathibiti ubora wa shule nao wanahusika, pengine kuliko wote. Mwalimu akijua kwamba mthibiti atakayeingia atakuta watoto wako nje wakipiga makofi na kuandika kwamba darasa halina utulivu, hatatoka nje kamwe. Ninaomba waelekezwe kuuliza swali moja kabla ya kuandika: watoto hawa wanajifunza nini kwa mwendo huu? Mwalimu asiyeweza kujibu aandikiwe. Anayeweza kujibu aachwe afanye kazi yake.

Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, ombi langu ni kiongozi chembamba cha mwalimu, chenye mifano ya vipindi vya dakika 20 vya awali na dakika 30 vya darasa la kwanza na la pili, kila mfano ukitaja umahiri unaojengwa, mwendo wenyewe, namna ya kuugeuza kwa mtoto mwenye ulemavu, na namna ya kumpima mtoto bila mtihani wa karatasi. Mifano hiyo isitoke Dar es Salaam peke yake. Walimu wa Rombo, Same, Longido na Karatu wanayo ya kuchangia, na wakiulizwa watachangia.

Wizara na TAMISEMI, ninachoomba kwenu ni subira. Msilianzishe jambo hili nchi nzima kwa mkupuo, likaishia kuwa fomu nyingine ya kujaza. Chagueni shule chache za mjini na za vijijini katika mkoa huu, mzipe mwaka mmoja wa masomo, na mpime mambo yanayopimika: mahudhurio ya watoto wa awali, idadi ya watoto wanaosoma kwa ufasaha mwishoni mwa darasa la pili, na maoni ya walimu na wazazi wenyewe. Matokeo yakiwa mabaya, yasemwe hadharani, nami nitakuwa wa kwanza kuyasoma.

Walimu wa shule zetu wataandika maazimio ya kazi ya mwaka mpya kabla ya Januari. Kipindi ambacho hakitaingia humo hakitafundishwa mpaka mwaka mwingine, na watoto watakaoanza awali Januari hawatakuwa wa awali mara ya pili. Ndiyo maana ninaomba jibu lenu lifike mashuleni kabla ya likizo ya Desemba, hata likiwa la kuruhusu tu walimu walio tayari waanze. Mimi na wastaafu wenzangu tuko tayari kukaa na kamati yoyote mtakayoiunda, katika kituo chochote cha walimu hapa Moshi, bila posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Moshi, Kilimanjaro